Chafya Mbele ya Picha

Jumamosi moja ya Agosti mwaka 2013, Michelle alikuwa sebuleni akikunja nguo za mtoto, ghorofa ya sita, katika jengo letu hapa Weston, Toronto. Dirisha lilikuwa wazi. Harufu ya chapati za jirani ilikuwa imejaa kwenye korido. Kezia, bintiye wa miezi mitatu, alilala kwenye mkeka akichezea hewa.

Mumewe, Philip, aliingia na tabasamu la mtu aliyeficha kitu mgongoni.

"Mama Kezia, tunaenda likizo. Colorado, milimani."

"Milima tumeiacha kwenu Nandi, leo tupande ndege kwenda kutazama ya watu?"

"Ya huko ina theluji hata Agosti."

"Theluji! Kwani hapa Toronto tunaililia?"

Walicheka hadi mtoto akashtuka. Michelle alifurahi, asiseme uongo. Tangu waoane miaka mitatu nyuma walikuwa hawajawahi kwenda mahali pamoja, isipokuwa kanisani na kwenye maporomoko ya Niagara siku wageni wakija.

Jioni hiyo Kogo, mama yake Philip, alipiga simu kutoka Kapsabet, kwao Nandi. Aliuliza swali lake lilelile.

"Mtoto ameitiwa?"

Kwao Philip, mtoto akizaliwa, wanawake wazee huketi naye. Huwataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja, polepole. Jina ambalo mtoto analipigia chafya, basi huyo ndiye aliyerudi. Kogo alikuwa radhi kuyataja kwa simu, mradi tu iwekwe karibu na sikio la mtoto. Michelle, aliyekulia Nakuru mjini na kuimba kwaya tangu utotoni, alikataa kila mara.

"Nisamehe, Kogo. Mtoto ana jina kwenye cheti."

"La cheti ni la serikali, mama. Asipoitiwa na wake, ataitiwa na yeyote."

Michelle aliwaambia watu kwamba anakataa kwa ajili ya imani. Hiyo ilikuwa nusu ya sababu. Nusu nyingine alikuwa hamwambii mtu. Aliogopa kwamba kati ya majina hayo, Kogo angelitaja la Chelagat.

Chelagat alikuwa mke wa kwanza wa Philip. Alikuwa mkimbiaji. Alifariki mwaka 2008 kwa ugonjwa wa damu, bila mtoto, akasafirishwa kuzikwa kwa mumewe. Philip hakuwahi kumtaja. Kimya hicho ndicho kilichomla Michelle. Mke mwenza aliye hai unaweza kumsuta, unaweza kumshinda kwa mapishi, unaweza kumngoja azeeke. Marehemu hazeeki. Hanuki jasho wala hakosei chumvi kwenye mboga. Kila Philip alipokaa kimya akitazama nje, Michelle alijua yuko na nani.

Walishuka Denver siku ya Jumatano, wakakodi gari, wakapanda barabara ya kujipinda kwa saa tatu. Mji wenyewe ulikuwa mdogo, umebanwa kati ya milima miwili. Zamani watu walichimba fedha pale. Sasa wanakuja kupanda farasi, kuendesha baiskeli miteremkoni na kuoga kwenye chemchemi za maji moto. Michelle alitaka chemchemi.

"Kesho," Philip alisema. "Leo tuanze na makumbusho."

"Wewe na makumbusho, tangu lini?"

Alikuwa ameshafunga mkanda wa kumbeba mtoto kifuani.

Makumbusho yalikuwa nyumba ya mbao yenye vyumba vinne. Mlangoni aliketi mzee wa kizungu mwenye kofia ya sufu. Mkononi alishika kidude cha chuma cha kuhesabia wageni. Alikibonyeza walipoingia. Ndani mlikuwa na taa za wachimba migodi, mifupa ya nyati na viatu vya theluji vya miaka mia iliyopita. Michelle alianza kufurahia, akasimama kwa muda mbele ya kitanda cha mtoto kilichochongwa kwa msonobari. Alipogeuka kumwonyesha Philip, hakumwona.

Alimkuta chumba cha mwisho, mbele ya ukuta wa mashindano ya kukimbia mlima, mashindano yanayofanyika mjini hapo kila mwaka. Alikuwa amesimama wima kama mtu aliyeitwa ofisini. Mbele yake ilining'inia picha kubwa ya mwanamke mwembamba akikata utepe, mdomo wazi, macho yakitazama moja kwa moja nje ya fremu.

Michelle alielewa palepale. Likizo haikuwa yake.

Philip aliinama akasoma maandishi chini ya picha, kwa sauti, polepole, kama anayejaribu kuona iwapo bado anaweza.

"Chelagat. Mshindi, 2005."

Kezia akapiga chafya.

Moja tu. Kubwa kuliko mtoto. Kisha akageuza shingo yake changa, akaitazama picha, akatabasamu.

"Vumbi," Philip alisema.

Michelle alimnyang'anya mtoto, akatoka naye nje kwenye jua. Alifungua kifungo cha blauzi amnyonyeshe. Kezia aligeuza uso, akalikwepa ziwa.

Usiku wote hakunyonya. Chupa alikataa. Hakulia pia, na hilo ndilo lililomtisha mama yake. Alikuwa akitazama tu. Philip akienda dirishani, macho yalimfuata. Akirudi kitini, yalirudi naye. Michelle aliposimama katikati yao, mtoto alisogeza kichwa kando ili amwone baba.

"Ulinileta kwake," Michelle alisema.

"Nilitaka kuiona mara moja tu. Halafu niiache."

"Na umeiacha?"

Philip aliangalia mikono yake.

Asubuhi walimpeleka kwa daktari wa mji. Koo safi, homa hakuna, tumbo laini. Labda ni hewa ya mlimani, daktari alisema. Wampe matone ya maji, na asiponyonya hadi kesho mchana, wamteremshe hospitali kubwa ya bondeni. Philip alisema hewa ya nje itamsaidia. Wakaenda kwenye njia ya msituni, njia fupi ambayo hata wazee hutembea na fimbo.

Kwa Michelle haikuwa fupi. Pumzi ilimwishia mapema. Kila hatua kumi alisimama, mikono magotini, masikio yakipiga ngoma. Philip alikuwa mbele na mtoto mgongoni. Hakugeuka. Kona ya kwanza ikammeza, kisha ya pili.

Ndipo aliposikia sauti yake. Philip alikuwa akiongea Kinandi.

Aliongea kama mtu anayetaniana na mwenzake. Alicheka. Akanyamaza kidogo, kama anayesikiliza. Akajibu.

Michelle alikaza mwendo. Mawe yaliteleza. Kifua kiliwaka. Alipofika kwenye kona, Philip alikuwa peke yake. Alisimama akitazama juu, huko njia ilikopotelea kati ya misonobari. Aliposikia kokoto nyuma yake, aligeuka, na rangi ikamtoka usoni.

"Umetokea wapi?"

"Nyuma yako. Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na wewe."

"Philip."

"Si umenipita sasa hivi? Ukikimbia. Nikakutania kwamba leo umekuwa Mnandi."

Mgongoni mwa baba yake, Kezia alikuwa akicheka, miguu yake midogo ikienda mbio hewani.

Saa mbili usiku Michelle alijifungia bafuni na simu. Kapsabet ilikuwa alfajiri. Kogo alikuwa akikama. Michelle alimsimulia kwa kunong'ona.

"Nani aliyelitaja?"

"Baba yake. Alisoma tu, Kogo."

"Na mtoto akapiga chafya."

"Palikuwa na vumbi."

Upande wa pili maziwa yaliacha kulia kwenye ndoo.

"Vumbi si jina, mama."

"Lakini yeye si damu yenu!"

"Aliolewa kwetu, akazikwa kwetu. Ni wa kwetu. Na aliondoka mikono mitupu, unajua."

"Nifanye nini?"

"Mwite. Wewe, kwa mdomo wako. Mwambie karibu. Mgeni aliyeitwa na mume peke yake, mke asipomkaribisha, hakai." Kogo alishusha sauti. "Huondoka. Na huondoka na alichokijia."

Michelle alirudi chumbani, akasimama juu ya mtoto. Lilikuwa neno moja tu. Alilikusanya mdomoni, likamkwama. Aliona jinsi Philip angelitumia jina hilo kila siku, kwa haki, mezani, kanisani, kwenye korido mbele ya majirani. Chela, njoo. Chela, kula. Miaka mitatu ya kupika na kufua na kungoja, halafu yule mwingine aingie kwa chafya moja na kukalia mapaja ya Michelle mwenyewe.

Alifunga mdomo. Akalala.

Ndiyo, alilala. Hilo hajajisamehe mpaka leo.

Asubuhi utosi wa mtoto ulikuwa umebonyea. Midomo ilikuwa imepasuka. Kezia hakumtazama tena baba yake, alitazama mlango. Philip alianza kutupa mizigo kwenye gari kwa ajili ya safari ya bondeni, akiangusha hiki na kile. Michelle alimfunga mtoto kwenye leso, akavuka barabara bila kuaga.

Makumbusho yalikuwa ndiyo kwanza yanafunguliwa. Mzee wa mlangoni alimtambua, akainua kofia kidogo.

"Leo mko wawili tu? Yule dada yenu haji?"

"Dada gani?"

"Mliyekuja naye juzi. Mwembamba. Niliwabonyeza wanne." Alionyesha kidude chake. "Ninyi mliondoka, yeye akabaki chumba cha mwisho hadi nilipofunga. Sikumwona akitoka, lakini macho yangu siku hizi..."

Michelle hakungoja amalize. Mbao za sakafu zililia chini ya miguu yake. Alipita taa. Alipita nyati. Alipita kitanda cha msonobari bila kukitazama.

Picha ilikuwa palepale. Mdomo wazi. Macho nje ya fremu.

Aliketi kwenye benchi, akafungua blauzi. Mtoto alikuwa mwepesi kama nguo zilizokauka. Alimchukia mwanamke yule kwa moyo wake wote. Alikuwa hajawahi kumchukia hivyo. Na chuki ikiwa bado imemjaa kifuani, alisema.

"Chelagat."

Chumba kilitulia.

"Karibu."

Mtoto akapiga chafya.

Akafungua macho. Akageuza uso, akalikamata ziwa, akanyonya kwa nguvu hadi Michelle akauma mdomo asipige kelele. Maziwa yalimwagika kidevuni. Alinyonya kama mtu aliyetoka mbali sana.

"Lakini mama yake ni mimi," Michelle alinong'ona. "Umesikia? Ni mimi."

Kezia hakumtazama. Macho yake yalikuwa begani kwa mama, kwenye kitu kilicho nyuma. Michelle hakugeuka.

Philip aliwakuta hapo. Alipiga magoti mbele yao akalia. Michelle alimwambia alichokifanya, maana alijua Kogo atamwambia. Philip alimshukuru. Alimshika mkono, akambusu kiganja. Kisha akamwinamia mtoto, na kwa sauti ambayo Michelle alikuwa hajawahi kuisikia ndani ya miaka mitatu, akasema, "Chela."

Walirudi Toronto. Mtoto alinawiri. Majirani tulimsifia mashavu, na baba yake alimbeba kila mahali, akizungumza naye Kinandi kwenye lifti. Michelle alikuwa akitabasamu, lakini kwa mdomo tu. Tulidhani ni uchovu tu wa mama mchanga.

Septemba alimpeleka kliniki kwa chanjo ya miezi minne. Nesi, mama mmoja wa Kijamaika mwenye maneno mengi, alimpima uzito, akapiga makofi, akamvua soksi ili amchome mguuni. Makofi yakakoma.

Aliushika mguu wa kulia, akauinua karibu na taa. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi. Umekufa, umeanza kuachia. Na wayo ulikuwa mgumu. Alipoupitishia ukucha wake, ulikwaruza.

"Kucha kama hizi naziona kwa watu wa marathoni," nesi alisema polepole. "Wanaoteremka milima. Kidole hugonga kiatu, hugonga, hugonga." Alimtazama Michelle. "Mama, mtoto huyu ameanza kutembea lini?"

"Hajaanza hata kukaa."

Nesi aliandika kitu, akafuta, akaandika tena.

Michelle alimvalisha mtoto soksi, mbili kila mguu, akampeleka nyumbani. Philip aliuliza kliniki wamesemaje. Alimjibu kwamba uzito ni mzuri sana. Tangu siku hiyo anamwogesha mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo, na hamruhusu baba yake kuiona miguu hiyo.

Si kwamba anahofia Philip ataogopa. Anajua atafurahi.