Joto la Kitanda Kitupu

Kitanda cha dirishani kilikuwa na joto, na hakuna aliyekilalia tangu juzi. Paskalia aliweka kiganja juu ya shuka, akakitoa upesi, akakiweka tena. Lilikuwa joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Katikati ya godoro palikuwa na bonde la mgongo, na shuka ilinuka udi, katika wodi ambayo siku zote ilinuka jasho na dawa ya kuoshea sakafu.

"Nani kalala hapa?" aliuliza.

Wagonjwa wa vitanda vingine waligeukia ukutani.

Ilikuwa mwaka 1953, katika zahanati ndogo iliyokuwa kwenye njia ya kutoka Kibaha kwenda Kisarawe, yenye wodi moja ya wanawake na manesi wawili. Homa yenyewe ilikuwa mpya. Ilikunja viungo vya mtu hata ashindwe kufunga kanga yake, kisha ikayafanya macho kuwa mekundu, na kwinini haikuigusa. Manesi walipoomba glovu, mkubwa mmoja wa afya alikuja kutoka mjini, akasimama mlangoni, akasema homa ni homa, wanawe mikono. Halafu akarudi kwenye gari lake. Uhodari wa mlangoni kila mtu anao.

Paskalia alichana kanga yake, kipande akajifunga mdomoni, kingine akamfunga Mwamini, nesi mwenzake. Mwamini alikuwa binti wa Kizaramo, mzaliwa wa Kisarawe, mpole, mwepesi wa kulia. Paskalia alikuwa Mnyamwezi ambaye baba yake aliletwa na kazi ya mkonge, na kulia alikuwa hajui. Alimpenda Mwamini kama mdogo wake wa tumbo moja.

"Dada Paskalia," Mwamini alinong'ona, "nyumbani nakula uani, peke yangu."

"Mama yako kakufukuza?"

"Mimi ndiye nimemwomba. Naogopa nitampelekea homa."

Hofu ile ile ilikuwa kifuani mwa Paskalia.

Baada ya hapo joto likaanza kuhama. Leo kitanda cha dirishani, kesho cha jirani yake, na kila aliyelala karibu alizidiwa. Mambo yenyewe yalikuwa ya adhuhuri, jua likiwa la utosi na kuku wamejificha vivulini. Manesi wakiwa mwisho wa wodi walisikia nyuma yao shuka ikitandikwa, ikipigwapigwa na kulainishwa taratibu kwa kiganja kikavu, na wakigeuka hakuna mtu, ila harufu ya udi iliyokuja polepole kitanda kwa kitanda, ikipita juu ya wagonjwa waliofumba macho kwa makusudi, mpaka ikawafikia wao wawili na kusimama mbele ya nyuso zao, kama mgeni anayechagua pa kukaa.

Adhuhuri moja ikamchagua Mwamini. Alikuwa anageuza godoro la dirishani, akaanguka juu yake, viungo vimekunjika, macho mekundu.

Mama yake, Mwanamkuu, alikuja mbio na mganga wa majini, Mzee Mwinyimadi, na chetezo cha ubani.

"Shikamoo, mzee," alisema Paskalia.

"Marahaba. Funga mlango, mwanangu."

Ubani ulipopanda, Mwamini aliketi wima. Sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, ya mwanamume mtu mzima aliyeshiba.

"Nataka kiti, mtu wa kukaa ndani yake. Nimempata huyu."

"Tutakupa mbuzi, bwana," alisema Mwinyimadi kwa adabu.

"Mbuzi atanifikisha wapi? Nesi anashika kila mtu. Anampokea mtoto anayezaliwa, anamfumba macho mzee anayekufa. Nikikaa kwa huyu nitaingia kila nyumba, na wenyewe watanikaribisha."

Mganga alimvuta Mwanamkuu pembeni. "Tukimpa, mwanao atapona. Atakuwa kiti chake tu, tutamfukizia, atavaa nyeupe. Tukikataa, atamvunja leo hii."

"Mpe, mzee," mama alilia. "Mimi namtaka mwanangu akiwa hai. Mpe!"

Nani wa kumlaumu? Lakini Paskalia aliona milango yote ambayo Mwamini angebisha, na watoto wote ambao angewashika.

"Hapewi," alisema.

"Nyamaza, nesi," mganga alimkemea kwa sauti ya chini. "Haya si mambo ya kwenu." Akamgeukia jini, maana kila jini ana ngoma ya kabila lake na mganga hawezi kukamilisha makubaliano bila kuijua. "Bwana, wewe ni wa kabila gani? Mwarabu? Mhabeshi?"

Jini aliinua kidevu cha Mwamini kwa majivuno. "Mimi Mzaramo! Nilikuwa katika pori hili kabla ya babu zenu."

Mwinyimadi aliinamisha kichwa. Paskalia akacheka.

"Mzaramo!" alisema. "Siku zote hizi natetemeka, kumbe ni Mzaramo? Ndiyo maana kazi yako kulala tu mchana kutwa, tena kitanda cha bure! Wenzako wanauza shamba wakacheze ngoma, wewe hata ngoma huna, unangoja upigiwe."

Mganga alijifunika shuka usoni akingoja kifo. Lakini Paskalia alijua anachofanya. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akikutukana unacheka, akinyakua kuku wako unamwacha aende naye, na ukikasirika umejivunjia heshima. Jini angejiita Mwarabu, utani usingemfunga, angemuua Paskalia palepale. Kiburi kilimponza.

"Mpagazi wewe," jini alisema taratibu. "Utosi wa babu yako uliota sugu kwa mizigo ya watu."

"Na mjukuu wake anabeba mzigo wake mwenyewe. Tazama!"

Akamshika Mwamini kwa mikono mitupu, akambeba mgongoni. "Nimemchukua, mtani. Nawe hunidai."

Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua chache tu, lakini Mwamini alikuwa mzito kama gunia la mawe yaliyotoka motoni, na kila hatua alizidi uzito, na pumzi ya udi ilimwingia Paskalia sikioni na puani na chini ya kitambaa cha kanga, na mikono iliyomzunguka shingo ilianza kukaza, taratibu, mpaka giza likamwingia machoni na hakuona mlango tena, akaenda kwa kupapasa huku akitukana kwa Kinyamwezi na Kiswahili, matusi yoyote yaliyomjia.

"Utani una pande mbili," sauti ilimnong'oneza. "Nami nitachukua kwako. Siku ya msiba wako nitakuwa wa kwanza kufika."

Paskalia aliogopa, aliogopa hasa. Lakini mdomo haukulegea.

"Karibu! Ila mtani haji msibani kukaa, huja kufanya kazi. Kaburi utalichimba wewe, na mimi ni mrefu."

Akasukuma mlango kwa bega. Jua likawapiga wote wawili, mikono ikaachia shingo yake, na mgongoni akabaki msichana mwembamba anayetokwa jasho.

"Dada Paskalia," alisema Mwamini. "Maji."

Mwanamkuu alimpokea akilia. Paskalia alirudi ndani, akagusa vitanda vitupu kimoja kimoja. Vyote vilikuwa baridi. Wagonjwa walikuwa bado na homa yao, na glovu zilikuwa bado hazijaja.

Ndipo aliposikia, ng'ambo ya uzio, makaburini, jembe likianza kuchimba udongo mkavu. Alichungulia dirishani. Hapakuwa na mtu, ila udongo uliokuwa ukirushwa juu kidogo kidogo.

Paskalia alikaza kipande cha kanga mdomoni.

"Chimba, mtani!" alipaza sauti. "Mimi nina wagonjwa."

Akachukua beseni, akaenda kwenye kitanda cha kwanza.