Mama Mwenye Nyumba

Kwanza niseme hili ili tusije tukagombana mbele ya safari: mita ilikuwa nzima. Watu waliposikia yaliyompata yule msusi walikimbilia kusema mita mbovu, mita imechezewa, jirani kajiunganishia waya. Hapana. Mita ilikuwa nzima kuliko ndoa yake.

Yeye na mumewe, fundi saa, walikuwa watu wa kutoka asubuhi. Mwanamke anakwenda kufungua saluni, mwanamume anakwenda kibandani kwake kutengeneza saa, nyumba inabaki imefungwa mpaka jioni. Ndani mna friji, taa chache, redio, jiko, hita ya kuogea na pasi. Hawakuwa na mtoto wa kusahau taa, hawakuwa na mpangaji. Basi bili ya umeme ilipokuja kubwa kama ya mwenye kiwanda cha barafu, msusi alicheka, akijua ni kosa. Ya mwezi uliofuata ilipoizidi ile ya kwanza, hakucheka tena.

Akakaa nayo mezani. Ilikuwa bili ya kuchosha macho, matumizi huku, makadirio kule, deni la nyuma limeingizwa, likatolewa, likaingizwa tena. Kitu kimoja tu alikielewa. Penye usomaji wa mita paliandikwa kwamba mita imesomwa na mteja. Mteja ni yeye, umeme ulikuwa kwa jina lake, na hajawahi kuisoma ile mita tangu aolewe.

Akamuuliza mumewe, ambaye wakati huo alikuwa anavaa shati. Na hapa nieleze habari ya mashati. Mashati ya yule bwana yalikuwa yamenyooka siku zote, na msusi alikuwa akijitapa saluni kwamba mumewe hujipigia pasi mwenyewe. Wateja wakimtania awaazime mume hata kwa wiki moja, naye anacheka, roho kwatu. Siku hiyo bwana alifunga vifungo vyote kwanza, kisha akasema ni kompyuta za watu wa umeme, walipe tu yaishe. Mtu anayegombania chenji ya chumvi, leo anasema walipe yaishe. Msusi akaliona hilo, akalimeza.

Alifanya anachofanya mtu mwenye akili zake. Jioni alizima kila kitu, akachomoa hata friji, akasimama mbele ya mita. Ilikuwa imetulia tuli. Asubuhi akarudia, ikatulia vilevile. Kwa hiyo umeme ulikuwa unakwenda wakati wao hawapo. Akaegemeza kiganja ukutani pembeni ya mita, akakuta ukuta una joto, joto la mwili wa mtu, akauondoa mkono na kujiambia ni jua. Jua lilikuwa halijafika upande ule.

Ofisi ya umeme ilikuwa na foleni ndefu na feni isiyozunguka. Binti wa huduma kwa wateja alimpokea vizuri, tusimsingizie, akafungua kumbukumbu na kuzipitia taratibu. Akamweleza kwamba hesabu haina kosa, kwa sababu namba hizi zimeletwa na nyumba yenyewe. Zamani walikuwa wanakadiria tu, ila miezi hii miwili mama mwenye nyumba anapiga simu mchana, anataja namba ya akaunti, anasoma mita, anashukuru, anakata.

"Mama mwenye nyumba ni mimi," msusi akasema.

Binti akamtazama kidogo. Simu zote hurekodiwa, akasema, na kwa kuwa akaunti ni yake, hakuna ubaya akisikia mwenyewe. Akampa vile vya kuvaa masikioni.

Sauti ilikuwa ya mwanamke, ya chini, isiyo na haraka, sauti ya mtu aliyeketi kwake. Ilisalimia kwa adabu. Ilitaja jina la msusi kana kwamba ni lake. Nyuma yake palisikika mvuke, ule wa pasi inapopita juu ya nguo yenye unyevu, na nyuma ya mvuke mwanamume akacheka. Msusi alikijua kile kicheko. Mara ya mwisho alikisikia enzi za uchumba, akadhani kimekwisha kama yanavyokwisha mambo ya ujana. Kumbe kilikuwa hakijakwisha, ila yeye ndiye hapewi. Akavivua vile vya masikioni, akaviweka mezani.

Binti akamuuliza kama angependa simu ile izuiwe isipokelewe tena. Akasema ndiyo, izuiwe. Majini hayakumpitia akilini hata kidogo. Aliwaza hawara, mwanamke mwenye sura na kanga na mahali pa kumshika. Laiti angejua, angeomba Mungu iwe hivyo.

Kesho yake mchana alifunga saluni ghafla, mteja akaachwa nje na nusu ya kichwa haijasukwa, anashangaa. Akaenda moja kwa moja nyumbani. Mlango haukuwa na kufuli. Alivua viatu kibarazani asisikike, akaingia, na kilichompokea kwanza ni harufu ya nguo safi inayokaribia kuungua, kisha joto, joto la nyumba ambayo jiko na hita na kila kitu chenye waya kimewashwa, na vigae vya sakafu, vile alivyovinunua yeye kwa kusuka vichwa vya watu, vilikuwa vinafukuta chini ya nyayo zake, lakini hasira ilikuwa bado imeuzidi woga, akapita ukumbini ambako taa zilikuwa zinawaka mchana kweupe, akimsikia mumewe anabembeleza na ile sauti ya chini inamjibu, mpaka akafika chumba cha kulia na kuchungulia, akaona sahani mbili za chakula, mumewe kwenye kiti kimoja na kiti cha pili hakina mtu, na dirishani pasi inakwenda na kurudi juu ya shati, inazunguka vifungo kwa uangalifu, bila mkono wowote kuishika, na chini yake, kwenye vigae, nyayo mbili za majimaji zinajichora na kukauka, zinajichora na kukauka, kila zikikauka zinalia kama tone la maji kwenye kikaango.

Pasi ikasimama. Nyayo zikageuka, vidole vikamwelekea yeye.

"Mwenzangu," sauti ikasema kwa upole, "leo umewahi. Mbona umewaambia wasipokee simu yangu?"

Hajui alitokaje. Alijikuta kwa shangazi yake, pekupeku, akimsimulia.

Jioni fundi saa alimfuata. Akapiga magoti mbele ya shangazi na kumwaga yote. Yule wa mchana ni jini, alimpata yeye bwana ujanani, akiwa mpweke, hana mbele wala nyuma. Bwana akamkubali kwa kinywa chake, akamwoa, akamwahidi nyumba, na nyumba ndiyo ile. Msusi alipoletwa pale kama bibi harusi, alikuwa anaingia kwa mwenyewe. Mchana ni wa yule, usiku ni wa msusi, na mtoto hatapatikana, maana ndivyo walivyopatana.

Hilo la mtoto ndilo lililomvunja. Miaka yote mama mkwe amekuwa akimuuliza ana kasoro gani, amekunywa dawa za kila mti, na huyu bwana amekaa pembeni anakoroga chai, anajua.

"Ulikuwa unajua," akamwambia.

Mume akalia, akasema anamwogopa yule, amechoka, anamtaka mkewe wa kweli, yuko tayari kufanya lolote. Na binadamu tulivyo, mtu akitutenda kisha akalia, tunamwonea huruma yeye. Msusi alimpenda yule mwanamume. Aliitaka nyumba yake na ndoa yake, na alikubali kusamehe ili avipate. Shangazi akatikisa kichwa, akamwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake, ila wewe naona zako umezisuka kwa wenzako. Lakini ndiye aliyemtafuta mganga.

Mganga alikuwa mama mfupi wa makamo mwenye mkoba kama wa mwalimu. Alifika asubuhi, akazunguka vyumba vyote, akigusa kuta. Hakufukiza kitu. Akawaambia kwamba huyu hakutumwa na mtu wala si uchawi, huyu ni mke. Aliyeingia kwa neno atatoka kwa neno. Mume asimame katikati ya nyumba, milango ikiwa wazi, amtazame anayemwacha, amwambie amemwacha na atoke nyumbani kwake. Akaonya kwamba neno hilo likishatoka halirudi, na aliyeambiwa hatakanyaga tena pale.

Milango ikafunguliwa. Fundi saa akasimama ukumbini, mkewe kando yake amemshika mkono, shangazi na mganga ukutani. Joto likaanza kupanda kutoka sakafuni, taa zikawaka zenyewe, hafifu kwanza kisha kali mpaka zikaumiza macho, na mbele yao, hatua chache tu, zile nyayo zikajichora kwenye vigae, zimesimama pamoja kama za mtu aliyeitwa akaitika, na msusi aliyekuwa akingoja kishindo, akingoja kupigwa au kutukanwa au kuona sura ambayo hataisahau, akasikia kitu ambacho hakukitarajia kabisa, akasikia mwanamke analia, kilio cha chini, cha aibu, cha mke anayefukuzwa mbele ya watu, na akahisi kiganja cha mumewe kinalegea taratibu ndani ya kiganja chake, kinateleza kwa jasho, mpaka akabaki ameshika hewa.

"Sema sasa," mganga akanong'ona.

Fundi saa akageuka.

"Nimekuacha," akasema. "Toka nyumbani kwangu."

Alikuwa anamtazama msusi.

Taa zikazima zote kwa pamoja, na nyumba ikapoa. Kilio kikakoma. Msusi alimngoja mumewe aseme ulimi umeteleza, aseme amechanganyikiwa, aseme chochote. Fundi saa alikuwa ameinamisha macho kwenye zile nyayo, na nyayo zilikuwa zinamsogelea.

"Mama," msusi akamwambia mganga, "lirudishe neno lake."

Mganga alikuwa anafunga mkoba wake, wala hakuthubutu kumtazama usoni. "Nilisema halirudi, mwanangu. Kazi niliyoitiwa imefanyika. Mmoja anatoka."

Msusi akajaribu kubaki. Alikaza miguu, lakini vigae vilianza kumchoma, vile alivyokanyaga yeye tu, mpaka akalazimika kuinua unyayo mmoja, kisha mwingine, na kila alipokanyaga pakawa karibu zaidi na mlango. Shangazi akamfuata, akamtupia mtandio mabegani. Walipovuka kizingiti hakuna aliyewasukuma wala aliyewatukana. Mlango ulifungwa nyuma yao polepole, kwa adabu, kama anavyofunga mwanamke aliyekwisha kumsindikiza mgeni.