Kidole cha Mahabusu

Jumatano alfajiri, wanawake waliokwenda kuvuna ulezi nje ya Ilemba walimkuta Baltazari amelala kifudifudi, kisogo kimepasuka. Simu yake haikuwepo.

Mkaguzi Coleta alifika kutoka Sumbawanga mjini saa tatu. Alianza na mjane, Gaudiosa.

"Pole, mama. Nani alimwita huko?"

"Eustaki, rafiki yake. Jana jioni ujumbe wa Kiswahili uliingia, akanisomea: 'Ndugu, nimeachiwa. Njoo shambani na simu yako, usimwambie mtu.'"

Coleta aliuandika ujumbe huo kwenye daftari. Lakini Eustaki alikuwa mahabusu katika kituo cha polisi cha Ilemba tangu Jumatatu, akidaiwa kuiba ng'ombe, na simu yake ilikuwa kituoni.

Majirani walimnyooshea kidole Kristiana, mke wa Eustaki. Aliwahi kugombana na marehemu juu ya mpaka wa shamba, na namba ya siri ya simu aliijua.

"Namba naijua, lakini simu polisi waliondoka nayo," Kristiana alisema. "Halafu, afande, shemeji Baltazari sisi tunamwandikia Kifipa. Huo ujumbe ulionisomea, Kiswahili cha nini?"

Coleta akaenda kituoni, akamtoa Eustaki mahabusu.

"Nani alifungua simu yako?"

"Koplo Stanley. Nilikataa kutaja namba. Nikiwa na pingu, akanishika kidole gumba akakibandika kwenye simu."

"Alikuonyesha amri ya mahakama?"

"Mahabusu anauliza amri, afande?"

"Alitafuta nini?"

"Video. Nilimpelekea chakula mpwa wangu aliyefungiwa hapa, nikamrekodi Stanley dirishani akimpiga ili ataje namba ya siri ya simu yake. Nilimtumia Baltazari."

Coleta alimwita Stanley ofisini. Simu ya Eustaki ilikuwa mezani.

"Ufunguo wa kabati la vielelezo, simu hii ilimowekwa, anao nani?"

"Mimi peke yangu, afande."

"Ujumbe wote kati ya hawa wawili ni Kifipa. Huu wa jana tu ni Kiswahili. Wewe Kifipa hujui. Na ujumbe ulipotumwa, Eustaki alikuwa ndani."

Askari waliotumwa chumbani kwake walirudi na simu ya Baltazari, imefichwa ndani ya buti.

"Nilitaka video tu," Stanley alisema hatimaye. "Ningefukuzwa kazi. Baltazari akaing'ang'ania simu, nikampiga rungu."

Alivuliwa mkanda, akafungiwa chumba kilekile cha mahabusu. Lakini video alikuwa ameshaifuta kwenye simu zote mbili, na bila hiyo hakuna aliyekubali kufungua jalada la kipigo. Mpwa wa Eustaki alibaki ndani.

Eustaki aliachiwa kesho yake; kesi ya ng'ombe ilikuwa imebuniwa na Stanley. Alikwenda moja kwa moja msibani. Gaudiosa akatoka mlangoni.

"Shemeji, si mimi niliyemwita."

"Najua. Afande amenieleza."

Eustaki akaanza kulia. Gaudiosa alimtazama.

"Alipoona jina lako aliacha ugali mezani. Alisema, 'Eustaki ametoka!' Alicheka, shemeji. Kwa siku mbili hakuwa amecheka."

Kisha akarudi ndani. Hakuna aliyemkaribisha Eustaki mkekani.