Mimi Sijatoa Mkono

Natabo alikama akiwa amesimama mguu mmoja, kibuyu kimekaa juu ya goti. Nakwang, ngamia wao mweupe, alitulia kama anayesikiliza habari. Mgongoni, mtoto Ewesit alikuwa ameamka na tayari anadai haki yake.

"Ngoja, baba. Povu lishuke kwanza," Natabo alimwambia mwanawe.

Maziwa ya Nakwang yalimlisha Ewesit. Yaliingia kwenye chai ya Nyanya Akolong, mama mkwe wa Natabo. Yaliyobaki Natabo aliyapeleka sokoni Isiolo, akarudi na unga, sukari na sabuni.

Ekuam, mume wake, alikuwa dereva wa teksi. Gari lake lilikuwa kuukuu, na lilikunywa petroli kama ngamia aliyetoka kiangazi. Alichopata mchana, alikiacha kituo cha mafuta jioni. Kwa hiyo familia iliamua kununua gari jipya la haibridi. Gari hilo lina injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Dereva akishika breki, betri inajichaji yenyewe. Halitumii mafuta mengi, hasa mjini.

Waliuza mbuzi wengi na ngamia wawili. Sacco ikakubali kuwakopesha sehemu kubwa. Ekuam akaenda Meru kwenye duka la magari.

Jioni alirudi akiimba.

"Mama Ewesit! Gari nimepata! Kijana wa pale, Kithinji, amenipunguzia elfu hamsini. Ati ameona mimi ni mtu mzuri."

"Asante Mungu. Na pesa zetu zinatosha?"

Ekuam aliacha kuimba. Aliangalia zizi.

"Zimepungua kidogo. Itabidi Nakwang aende."

Nyanya Akolong aliweka kikombe chini. "Aende wapi?"

"Sokoni, mama."

"Huyo ndiye wa mwisho anayekamwa! Mtoto atakunywa nini, petroli?"

Natabo alimgeukia mumewe. "Baba Ewesit, rudi umwambie apunguze tena."

"Siwezi. Nimempa mkono."

Natabo alielewa. Ekuam alikulia kwenye soko la mifugo. Huko watu huongea bei kwa vidole, mikono ikiwa imefichwa chini ya shuka. Mkishapeana mkono, bei imefungwa. Anayerudi kuomba apunguziwe huchekwa na soko zima.

"Niletee hiyo karatasi aliyokupa," Natabo alisema.

Alijifunga leso akaenda kwa jirani yao Halimo. Halimo aliuza magari Nairobi miaka mingi kabla ya kurudi Isiolo kumtunza mama yake. Ekuam alimfuata polepole, kama mtu anayepelekwa kwa chifu.

"Salaam aleikum, Halimo."

"Aleikum salaam, mama Ewesit. Mbona uso umekunja hivyo?"

Natabo alimweleza yote. Halimo aliisoma karatasi, kisha akacheka.

"Angalieni hapa. Amewapunguzia elfu hamsini. Hapa chini ameongeza kapeti za gari, king'ora cha kuzuia wezi, rangi ya kukinga jua, na miavuli. Miavuli! Isiolo hii, mvua iko wapi? Alichowapa kwa mkono huu, amekirudisha kwa ule."

"Aliniambia ni zawadi," Ekuam alisema.

"Zawadi haiandikwi bei. Sasa niambie, ulitia sahihi?"

"Hapana."

"Ulilipa chochote?"

"Hapana."

"Basi hakuna kilichofungwa. Mkono unafunga bei sokoni kwenu. Kwa duka la magari, kinachofunga ni sahihi na malipo. Kithinji mwenyewe anajua hivyo."

Ekuam alitikisa kichwa. "Nitamtazama vipi machoni? Mkono wangu nimetoa."

"Wewe umetoa," Natabo alisema. "Mimi sijatoa wangu. Na mbuzi waliouzwa, nusu walikuwa wangu. Mimi ndiye nitaongea bei."

Ekuam aliichukua karatasi kwa Halimo, akampa Natabo.

"Hapo umeshikwa, baba Ewesit," Halimo alisema. Kisha akamgeukia Natabo. "Sikiza vizuri. Uliza bei kamili, gari likiwa barabarani, na namba na bima ndani. Ukiuliza bei ya gari tupu, mengine yatakuja baadaye. Uwe na bei ya duka lingine mkononi, iliyoandikwa. Na atakuuliza kwa mwezi mnaweza kulipa ngapi. Usimjibu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu malipo ya mwezi yanaweza kuonekana madogo huku bei ni kubwa. Anaongeza miezi tu. Mmalize bei kwanza."

"Na akikataa?"

"Uliza kama kuna gari jipya lililoingia mwaka jana na bado liko dukani. Na nenda mwisho wa mwezi. Wauzaji wengi hupewa idadi ya magari ya kuuza kila mwezi. Asiyefikisha anakuwa mpole."

Halimo akapiga simu duka moja la Nanyuki na kuomba bei kamili ya gari lile lile kwa maandishi. Ilikuja kwenye simu ya Natabo. Ilikuwa chini kuliko ya Meru.

Mwisho wa mwezi walipanda Meru. Baridi iliwapokea. Natabo alimfunga Ewesit vizuri mgongoni. Kithinji aliwakaribisha kwa tabasamu na chai.

"Karibu mama! Mzee tulishamalizana, sivyo?"

"Yeye mlimalizana. Mimi ndiyo naanza," Natabo alisema.

Kithinji alicheka. "Haya. Kwa mwezi mngependa kulipa kama ngapi?"

"Hiyo ni ya Sacco. Sisi tuongee bei ya gari. Toa kapeti, toa king'ora, toa rangi, toa miavuli. Halafu uniambie bei likiwa barabarani."

"Lakini mama, miavuli ni mizuri."

"Utampa mtu wa huku kwenu. Mvua mnayo."

Kithinji alitoa vitu vyote akataja bei mpya. Natabo alimwonyesha bei ya Nanyuki. Kithinji aliitazama akajikuna shingo.

"Nitaongeza diskaunti kidogo, lakini hii ni ya mwisho." Akanyoosha mkono.

Natabo hakuushika. Hakusema kitu. Hilo hakufundishwa na Halimo. Alilijua tangu utotoni, kwenye mnada wa Oldonyiro. Muuzaji akitaja bei, wewe tazama meno ya mbuzi unyamaze. Basi alitazama magurudumu. Ekuam alitaka kusema, Natabo akamkanyaga mguu. Mkono wa Kithinji ulibaki hewani, halafu ukarudi mfukoni.

Bei ile bado ilimtaka Nakwang. Natabo alisimama. "Asante kwa chai. Nanyuki si mbali."

Alitembea hadi mlangoni. Hakugeuka nyuma.

"Mama, subiri! Niongee na bosi."

Kithinji aliporudi, hakuwa na tabasamu la kwanza. Sasa alikuwa mtu wa kazi. "Kuna lile la kijivu. Liliingia mwaka jana, ni jipya, halijawahi kusajiliwa. Bosi anataka litoke wiki hii." Akataja bei kamili. Ilikuwa chini ya ile ya Nanyuki.

"Na waranti ya betri inahesabiwa kuanzia lini? Mwaka jana au leo?"

"Leo mnaponunua."

"Andika hivyo. Andika na bei."

Kithinji aliandika. Natabo alisoma kila mstari, akifuata maneno kwa kidole. Kisha wote wakatia sahihi. Ndipo Natabo aliponyoosha mkono wake.

"Sasa tupeane."

"Mama, wewe umesomea wapi biashara?" Kithinji aliuliza.

"Kwa mbuzi."

Leo Ekuam anaendesha gari la kijivu. Analisafisha chujio la hewa la betri mara kwa mara, maana vumbi la Isiolo halina huruma. Jioni pesa za mchana zinafika nyumbani. Madereva wenzake wakimuuliza alipunguziwaje, anawaambia, "Weka mikono mfukoni mpaka karatasi iandikwe. Na uende na mama watoto."

Na asubuhi Natabo husimama mguu mmoja, kibuyu juu ya goti. Nakwang anatulia. Ewesit anadai haki yake, na anaipata.