Ua la Kemilembe Siku ya Sabato

Asubuhi ya Sabato, shambani kwa Bibi, Kemilembe alipaza sauti.
"Bibi! Vanila yangu imechanua!"

Lilikuwa ua moja tu. Ua la kwanza. Kemilembe aliumwagilia mche huo tangu ulipokuwa mfupi kuliko yeye.

Lakini ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu. Jua likiwa utosini, hufumba. Lisipochavushwa, yaani chavua yake isipofikishwa mahali pake, hudondoka. Pu!

"Bibi, lichavushe!"

Bibi alikwisha kuvaa gauni jeupe. Biblia ilikuwa kwapani.
"Leo ni Sabato, mjukuu wangu. Kazi hakuna."

Basi Kemilembe akawaita wageni.
"Karibuni, karibuni! Karamu i tayari!"

Vuuu! Akaja nyuki. Akalizunguka ua. Akaenda zake kwenye ua la mgomba.
"Wewe! Hata hujaketi!"

"Karibuni, karibuni! Karamu i tayari!"

Nyiri, nyiri. Akaja sisimizi. Akaingia ndani. Akalala.
"Mgeni gani huyu?"

"Karibuni, karibuni! Karamu i tayari!"

Ko-ko-ko! Akaja kuku, mdomo wazi.
"Wewe hukualikwa!"
Kemilembe akamfukuza. Bibi naye akamfukuza, ndani ya gauni lake jeupe, Biblia kwapani.

"Bibi, mgeni wa ua hili yuko wapi?"

"Nyuki wake yuko kwao, ng'ambo ya bahari. Hapa kwetu, mgeni wake ni mkono wa mtu."

"Mkono si huo, Bibi?"

"Mkono huu leo ni wa kuabudu."

Jua likapanda. Ua likaanza kunyong'onyea. Kemilembe akafuta machozi.

"Bibi, ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato?"

"Huopolewa. Ndivyo alivyofundisha Bwana."

"Mara hiyo hiyo?"

"Mara hiyo hiyo."

"Na ua je?"

Bibi akalitazama ua. Akaitazama Biblia.
"Mtoto huyu! Nani aliyemfundisha Maandiko?"

"Ni wewe, Bibi."

Bibi akachuma mwiba wa mlimau. Akainua kiulimi kilichoziba chavua ya ua, polepole. Akaibonyeza chavua mahali pake kwa kidole. Nyii!

"Ng'ombe ametoka kisimani," akasema. "Vaa viatu! Kanisani wameanza kuimba!"

Kesho yake, jioni, ua lilikuwa limenyauka. Lakini halikudondoka. Lilishikilia kwa nguvu.

"Ng'ombe wetu hajambo?" Bibi aliuliza, akimfunika Kemilembe blanketi.

"Hajambo, Bibi. Ana mimba."

Bibi akacheka mpaka kitanda kikatikisika.
"Bwana asifiwe. Sasa sali, ulale."

Kemilembe akaliombea ua. Akamwombea nyuki wa ng'ambo. Akamwombea hata sisimizi.
"Amina."

"Na kuku," akasema Bibi.

Kemilembe akafikiri. Akafikiri tena.

"Haya. Na kuku. Amina."