Jioni Tatu Kwenye Mafunjo

Ukiitwa na dada yako mwenyewe, utaitika au hutaitika?

Usinijibu haraka.

Aprili ya tisini na nne, mauaji ya kimbari yalipoanza, nilikuwa na shahada ya kemia, na sikujua hata namna ya kunywa maji ya kinamasi. Nyiramana, mama msuka mikeka wa Masoro, ndiye aliyenificha kwenye mafunjo aliyoyakata tangu utoto wake. Wauaji walipita na mbwa. Alinifundisha kutembea ndani ya maji, si kwenye tope, nisiache nyayo. Kutafuna shina la funjo, ile sehemu nyeupe ya chini. Kurudisha kila bua nililolisogeza, lisimame kama lilivyokuwa.

"Profesa, huko chuo mlikuwa mnasoma nini hasa?" alinong'ona.

Somo la mwisho sikulipenda.

"Jioni ukiitwa, usiitike. Humu mizimu huita kwa sauti ya mtu unayempenda."

"Mama, mimi siamini mambo hayo."

"Usiamini. Nyamaza tu."

Jioni hiyohiyo, jua likizama...

"Ingabire... Ingabire we..."

Gaju! Dada yangu, tuliyepotezana naye tukikimbia Remera, yeye na kichanga chake mgongoni. Nilifungua mdomo. Kiganja cha Nyiramana, kimejaa tope, kikauziba.

Sauti ikakatika.

Jioni ya pili ikarudi, karibu zaidi. Ya tatu ilitoka mbele yangu kabisa, juu ya maji yenye kina cha kummeza mtu.

Maji hayakutikisika.

Ila harufu... harufu ya maziwa ya mama anyonyeshaye.

Sikuitika. Mimi, nisiyeamini.

Julai tulitoka hai, sisi wawili. Gaju hakuonekana. Baada ya wiki nyingi za kumtafuta nilimfuata Nyiramana kwake, nikamkuta anasuka.

"Mama, ile sauti ya jioni ya tatu ilikuwa nini?"

"Sijui."

"Na ya pili?"

"Sijui, mwanangu. Habari za mizimu nilikutungia tu. Kisha ile sauti ikaja kweli. Hata mimi niliogopa."

"Ulinitungia? Kwa nini?"

Vidole vyake vikasimama katikati ya ukili. Alitazama mlango, kana kwamba kuna mtu amesimama pale.

"Jioni ya kwanza alikuwa dada yako," akasema. "Nilimwona tangu mchana, akikutafuta huko ukingoni. Mtoto alikuwa analia, na mbwa walikuwa karibu. Nikakuziba mdomo."