Mzee wa Katuni Aliyetupa Dawa

Ndugu zangu wa Nakuru, na nyinyi wa kule juu Molo na Kuresoi, nawaeleza jambo lililompata jirani yangu. Nalisema kwa hasira, na sitaomba radhi kwa hasira hiyo.

Mimi ni mkazi wa mtaa wa Section 58. Mlango unaotazamana na wangu ni wa Cheruto, binti wa Mzee Jonah wa Kuresoi. Wakati huo alikuwa senior motion designer katika kampuni moja ya matangazo hapa mjini. Jina hilo lisikutishe. Kazi yenyewe ni kuchora kitu kwenye kompyuta, kisha kukifanya kitembee, kicheke na kulia, mpaka wewe unayekitazama kwenye simu unasahau kwamba ni mchoro tu.

Mwaka jana, msimu wa kuchimba viazi, Cheruto alinialika kwao pamoja na binti yangu Najwa. Ilikuwa siku njema. Mzee Jonah alitupokea akitoka shambani, gumboot zimejaa matope, kofia imelalia sikio moja, akitembea kwa kurusha mguu wa kulia mbele kidogo. Mkewe, Chelagat, alituandalia chai na viazi vya moto. Baada ya kula, mzee alimeza vidonge vyake vya ugonjwa wa sukari.

"Hii dawa imenichosha, mama," akaniambia. "Lakini bila hii singekuwa hapa nikikula viazi na wewe."

Kisha Cheruto akamwonyesha tangazo alilotengeneza la chakula cha mifugo, ng'ombe akicheza densi kwa miguu miwili. Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Huyu ng'ombe ana akili kushinda chifu!" akasema. Alikuwa anamwamini binti yake kuliko redio.

Hatukujua kwamba hiyo imani ndiyo ingemponza.

Tuliporudi mjini, mwenye kampuni, bwana mmoja aitwaye Kang'ethe, alikuwa amepata mteja mpya. Mteja huyo alikuwa akiuza unga wa kijani aliouita Sukari Nje. Cheruto alikuja kunisimulia walivyozungumza.

"Boss, hapa wanasema mtu aache dawa ya hospitali," alimwambia Kang'ethe. "Nani amepima hii unga?"

"Cheru, sisi si madaktari. Mteja amesema inafanya. Wewe ifanye itembee tu."

"Na mtu akiumia?"

"Hiyo ni yake na mteja. Sisi tunachora."

Msomaji, lishike neno hilo: sisi tunachora. Kana kwamba mkono unaochora hauna mwenyewe! Na nisimtetee jirani yangu pia. Cheruto hakuwa mwanagenzi wa kutetemeka mbele ya mkubwa. Vijana wote wa pale walimtazama yeye. Angekataa, nao wangepata ujasiri wa kukataa. Aliuliza swali zuri, akapewa jibu bovu, kisha akaketi akafanya kazi.

Tena aliifanya vizuri sana. Alichora mshipa wa damu kama mto uliozibwa na chembe za sukari, kisha watu wadogo wa kijani wakaja na majembe, wakazibua, mto ukapita. Mwishoni akaweka mzee mkulima. Mzee huyo anachukua vidonge vyake, anavitupa kwenye pipa la taka, halafu anacheza. Na kwa kuwa msanii huchota kwa walio karibu naye, alimpa gumboot, kofia iliyolalia sikio moja, na mguu wa kulia unaorushwa mbele.

Tangazo likasambaa kama moto wa kiangazi. Likatiwa sauti ya Kikuyu na ya Kikalenjin. Likafika kwenye simu za waumini na za akina mama wa chama cha kuweka akiba. Likafika Kuresoi.

Miezi ikapita. Jumapili moja Cheruto alikuwa kwangu tukila pilau, simu yake ikalia. Alikuwa mamake. Cheruto akaweka sauti kubwa ili tusalimiane sote.

"Baba anaendeleaje?" akauliza.

"Ako sawa, isipokuwa gumboot imemkata kidole. Hakuskia uchungu hata. Sasa mguu umefura, na unanuka. Lakini tunampatia ule unga wako, atapona."

"Unga gani, mama?"

"Si ule wa video yako! Baba yako alijiona hapo akitupa dawa. Akasema, 'Cheruto amenichora, ananiambia niache.' Akatupa zote siku hiyo hiyo."

Cheruto akainuka akashika njia. Hakumaliza chakula wala hakuaga. Mimi nilichukua leso yangu nikamfuata.

Tulimkuta mzee amelala, mguu umekuwa mweusi kuanzia vidoleni, naye anaweweseka. Tukamkimbiza hospitali mjini Nakuru. Daktari, dada mpole aitwaye Cate, alitazama kipimo cha damu, akatuuliza ni nani aliyemwachisha dawa. Mguu ukakatwa chini ya goti, ule wa kulia.

Mzee alipopata fahamu, Cheruto alipiga magoti kando ya kitanda. "Baba, nisamehe. Sikukuambia uache."

"Uliniambia," mzee akajibu polepole. "Yule alikuwa mimi. Nilijijua nikitembea." Kisha akageuza uso ukutani. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

Cheruto akaenda moja kwa moja kwa Kang'ethe. Nilikuwa naye, nikasimama mlangoni.

"Toa hiyo tangazo leo."

"Pole sana kwa mzee, kwa kweli. Lakini siwezi toa. Ndiyo kazi yetu imependwa kuliko zote."

"Imemkata baba yangu mguu!"

"Cheru, kuna mahali imeandikwa chini: muone daktari."

Imeandikwa chini! Kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, zinazopita kabla hujafumba jicho! Nilimwambia maneno ambayo mtu wa umri wangu hapaswi kuyasema ofisini, na sijutii hata moja. Cheruto akaacha kazi pale pale. Alipeleka malalamiko kwa maofisa wa serikali wanaohusika, nao wakamwambia angoje. Tangazo likaendelea kutembea.

Hakungoja. Alirudi Kuresoi, akaomba nafasi kanisani kwao, akasimama mbele ya watu waliomjua tangu akiwa mdogo.

"Mimi ndiye nilichora ile video ya Sukari Nje," akasema. "Ni uongo. Unga hauponyi. Nilishuku, na bado nikachora. Mnaotumia, rudini hospitali kesho asubuhi."

Kisha mzee mmoja aitwaye Muiruri, jirani yao wa shamba, akainuka kwenye benchi la nyuma, kofia mkononi.

"Msichana wangu, nashukuru umesema," akasema. "Lakini ungekuja mapema kidogo. Mama Kihara wa hapa kanisani naye alitupa dawa akanywa huo unga; tulimzika Jumanne."

Akatoka nje.

FUNZO

Wewe unayechora, unayeandika, unayetia sauti: ukishuku kwamba kitu kitaumiza watu, usikifanye kipendeze. Usijifiche nyuma ya mteja wala mwajiri. Anayeupamba uongo ameshiriki kuusema, na kadiri alivyo hodari, ndivyo atakavyoumiza wengi zaidi. Nanyi mnaouza unga kwa wagonjwa na kuwaambia watupe dawa, nyinyi ni wauaji, hata kama tangazo lenu lina muziki mzuri.

Na wewe mgonjwa, usiache dawa kwa sababu ya kitu ulichoona kwenye simu, hata kikiwa kimetengenezwa na mtoto wako mwenyewe. Muulize daktari kwanza. Mama Kihara hakuuliza, na sasa hawezi kuuliza tena.